Sinema Ilipoacha Kuwa Sahani

Wadau, sinema iliyomo kwenye flashi yako ilifikaje humo? Nauliza nikiwa huku Ukata, Mbinga, ambako flashi mfukoni inahimili safari kuliko sahani inayokwaruzika.

Turudi nyuma kidogo. VCD ya mwaka 1993 ilibeba dakika 74 hivi, ndiyo maana sinema moja ilikuja kwa CD mbili. DVD ilipotoka 1996, sahani ikawa moja, lakini ndani yake sinema imekatwa vipande visivyozidi GB 1 kila kimoja. Blu-ray ya 2006 ilikuja na GB 25 hadi 50, picha safi kabisa, ila wengi wetu hatukuwahi kuiona deki yake. Kilichotufikia ni kazi ya watu wa kompyuta: walifungua kufuli la sahani, wakaunganisha vipande, wakabana picha na kutoa faili moja la MKV au MP4. Kubana kulikuwa lazima, maana flashi ya FAT32 haipokei faili linalofika GB 4.

DVD za Kibongo nazo zikapita njia hiyo hiyo. Mwaka 2013 serikali ilileta stempu za kodi kwa filamu na muziki, ili kazi halali ijulikane. Lakini stempu ilibandikwa kwenye kasha, na faili halina kasha! Mtazamaji kapata urahisi. Msanii aliyekuwa akiishi kwa kuuza sahani kapata nini? Mnasemaje, wadau?