Maleba ya Filamu: Neno, Kazi na Historia Yake

Kiswahili kina maneno mengi ya kutaja kivaliwacho, na kila neno lina mpaka wake. Nguo ni kitambaa, na pia ni kitu kilichoshonwa kwa kitambaa hicho. Vazi ni nguo ikiwa mwilini, pamoja na namna ilivyovaliwa. Sare huwafanya watu wengi waonekane kundi moja. Maleba ni vazi la mchezaji, awe wa ngoma au wa mchezo wa kuigiza, ambalo humfanya mtazamaji amwone mtu mwingine badala ya yule anayemfahamu. Neno hili la mwisho ndilo lifaalo katika filamu, lakini mara nyingi huachwa na kuandikwa "mavazi" tu. Yafaa tuonyeshe kuwa upungufu huo hauishii katika lugha. Unaigusa kazi yenyewe.

Uigizaji wa filamu katika nchi yetu una umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, lilifanywa jaribio la kutengeneza filamu za elimu, na filamu 35 zikapatikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu, kisa cha mtu wa shamba aliyeingia mjini. Kisa cha namna hiyo hutegemea maleba kabla ya maneno, kwa kuwa mgeni wa mjini hutambulikana kwa alivyovaa kabla hajafungua kinywa. Mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria, na mwaka 1968 ikaundwa Kampuni ya Filamu Tanzania. Hivyo chombo cha kukuza istilahi na chombo cha kutengeneza filamu vilizaliwa karibu pamoja, ingawa istilahi za maleba hazikupata malezi ya kutosha.

Ili kupima kazi hii ilivyo, natuchukue mahali pamoja: Ilembula, katika Ubena, ambako leo ni Wilaya ya Wanging'ombe, Mkoa wa Njombe. Tuseme pana mswada wa filamu unaoifuata nyumba moja ya hapo tangu mwaka 1905 hadi 1985. Msanifu wa maleba huusoma mswada huo mara ya kwanza kama hadithi. Mara ya pili huusoma kama orodha: nani yumo katika tukio, ana umri gani, ni msimu gani, ametoka wapi, ana kitu au hana. Nyanda hizi zina baridi kali mwezi Juni na Julai; kwa hiyo mtu asiye na koti wakati huo anatuarifu jambo kuhusu hali yake.

Baada ya orodha huja utafiti. Mwaka 1905 Vita vya Majimaji vilifika Ubena, na misheni ya Yakobi karibu na Njombe ilishambuliwa. Vitambaa vilivyoenea kwa biashara ya misafara vilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa iliyopewa jina la nchi ilikotoka, na kaniki yenye rangi nzito ya buluu. Katika nyanda za Iringa na Njombe wanaume walijulikana kwa mgolole, shuka linalopitishwa kwapani upande mmoja na kufungwa begani upande wa pili. Hapa mfasiri na awe mwangalifu. Lubega hutaja namna ya kujifunga nguo. Mgolole hutaja shuka lenyewe. Anayeandika "shuka" tu katika maelekezo ya mswada amemwachia fundi akisie, na fundi akikisia, mzee wa Ilembula aweza kuonekana kama mchungaji wa mbuga za kaskazini.

Kanga nazo zina tarehe. Za mwanzo hazikuwa na maandishi. Yalipoingia, yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, na herufi za Kirumi zikafuata. Kumvika mama wa mwaka 1905 kanga yenye methali kwa herufi tunazozisoma leo ni kusema uwongo bila kutamka neno.

Tukifika mwaka 1968, nguo inakuwa jambo la siasa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana na mawigi kuanzia Januari 1969. Kwa hiyo msichana anayerudi Ilembula kutoka mjini mwaka huo akiwa na sketi fupi ameingia na mgogoro mzima wa hadithi. Mwaka 1968 pia ndipo kiwanda cha nguo cha Urafiki kilipoanza kazi Dar es Salaam. Kitenge chake hakiwezi kuvaliwa katika tukio la mwaka 1955. Viongozi wa enzi hizo walivaa suti za Chunlai, zilizoitwa kwa jina la Waziri Mkuu wa China. Na mitumba iliyojaa masokoni, Makambako ikiwamo, ni ya baada ya biashara kulegezewa masharti katikati ya miaka ya 1980.

Baada ya utafiti ndipo huja michoro, uchaguzi wa vitambaa, upimaji na ushonaji. Kisha kuna kazi ya kuchakaza: nguo mpya hufuliwa mara nyingi, husuguliwa kwa msasa magotini na viwikoni, hutiwa rangi ya udongo wa mahali, hata ionekane imelima misimu mitatu. Aidha, kwa kuwa matukio ya filamu hayapigwi kwa mfuatano wa hadithi, shati litakalochanika sharti liwe na wenzake walio sawa nalo, na kila kifungo kiandikwe katika daftari.

Kwa kazi yenye hatua zote hizi, "mbunifu wa mavazi" halitoshi. Katika matumizi ya leo jina hilo ni la mtu wa mitindo, na kubuni ni kuleta ambacho hakikuwapo. Huyu wa filamu kwanza hutafuta kilichokuwapo, kisha hukipanga kimfae mhusika. Kusanifu ndiko kunakoieleza kazi yake. Napendekeza basi msanifu maleba kwa mtu, na usanifu maleba kwa kazi. Istilahi hizi zikisimama, kazi itatengewa fungu lake. Zisiposimama, waigizaji wataendelea kuambiwa waje na nguo zao kutoka nyumbani.

Limebaki jambo moja lisilongoja. Mafundo, mikunjo na namna za kujitanda zina majina katika Kibena na lugha nyingine za nyanda hizo, na wayajuao ni wazee. Mwalimu aliye Ilembula aweza kuyakusanya kwa daftari na kalamu, akiandika jina, umbo, mvaaji na wakati wa kuvaliwa. Kiswahili kimezoea kuchota maneno katika lugha za jirani, lakini hakiwezi kulichota neno ambalo msemaji wake wa mwisho amekwisha kuzikwa nalo.