Injini ya msumeno wa moto katika ndege ya mfano

Msumeno wa moto, ambao wakulima wa Kidichi na mashamba mengine ya Unguja huufahamu kwa kuangushia minazi iliyozeeka, huendeshwa na injini ya mipigo miwili, inywayo petroli iliyochanganywa na oili, nayo mafundi wa ndege za mfano, aghalabu wa Ulaya na Marekani, huigeuza kwa kuondoa klachi na mnyororo, kisha kufunga rafadha kwenye krankshafti. Fadhila yake kubwa imo katika kabureta ya kiwambo, isiyo na boya, iliyobuniwa ili msumeno ukate hata ukilazwa ubavu. Kwa sababu hiyo ndege hupinduka angani pasina injini kuzimika. Mapezi ya gurudumu la sumaku hukatwa kupunguza uzito, lakini sumaku zenyewe, zizaazo cheche bila ya betri, huachwa. Na silinda hupozwa kwa upepo wa rafadha.