Namna MRI inavyopiga picha ya mishipa ya damu bila sindano ya dawa

Mtu ameishi na kisukari miaka mingi, sasa ana kidonda mguuni kisichopona. Daktari anataka kuiona mishipa ya damu: imeziba wapi, na je, inaweza kuzibuliwa kabla mambo hayajafika kwenye kukata mguu?

Shida ni kwamba kisukari hichohicho kimeshaharibu figo zake. Na dawa inayochomwa ili mishipa ionekane vizuri kwenye picha hutolewa mwilini na figo.

Mgonjwa wa aina hii ndiye anayenufaika zaidi na MRI ya mishipa isiyotumia dawa kabisa.

Dawa iliyozua hofu

Dawa ya MRI huwa na madini ya gadoliniamu. Huchomwa kwenye mshipa wa mkono na kuifanya damu ing'ae kwenye picha. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1988, na kwa muda mrefu ilionekana salama kuliko dawa ya ayodini inayotumika kwenye CT-Scan. Kumbe wagonjwa wa figo ndio waliokuwa wakielekezwa huko.

Mwaka 1997 madaktari nchini Marekani walianza kuona jambo geni kwa wagonjwa wa figo, wengi wao wakiwa wanasafishwa damu. Ngozi inakuwa nene na ngumu, viungo vinakakamaa, wengine hawawezi tena kunyoosha miguu. Baadhi walifariki. Ugonjwa huo ukapewa kifupi cha NSF.

Chanzo hakikujulikana hadi 2006, madaktari wa Austria na Denmark walipobaini kuwa wagonjwa wao walikuwa wamechomwa gadoliniamu. Mwaka 2007 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliagiza dawa hizo ziwekewe onyo kali.

Dawa za sasa ni tofauti. Nyingi zimeishika gadoliniamu kama ndani ya kizimba ili isiachie kirahisi, na NSF mpya zimekuwa nadra sana. Lakini hofu ile ndiyo iliyowarudisha wataalamu kwenye mbinu walizokuwa wameziweka pembeni.

Damu inajionyesha yenyewe

Siri iko kwenye mwendo. Nyama na mafuta ya mwili vimetulia, damu inatembea.

Mashine inalenga kipande kimoja cha mwili na kukipiga kwa mawimbi ya redio mfululizo, harakaharaka. Kilichotulia hapo "huchoka", yaani hakipati muda wa kurudisha nguvu yake ya sumaku, hivyo hutoa ishara hafifu na kuonekana cheusi. Damu inayoingia kutoka nje ya kipande hicho bado ni "mbichi", haijapigwa. Inatoa ishara kali na kung'aa.

Mbinu hii, inayoandikwa TOF kwenye ripoti nyingi, ndiyo inayotumika sana kwa mishipa ya ubongo: kutafuta sehemu iliyoziba kwa mgonjwa wa kiharusi, au mshipa uliovimba kama puto na unaoweza kupasuka.

Kwa miguu ilikuwa inasumbua. Safari ya damu ni ndefu, kasi inapungua, na picha zinachukua muda mrefu. Mwaka 2010 timu ya Robert Edelman, kutoka Evanston jirani na Chicago, ilichapisha mbinu iitwayo QISS. Hii hufuata mapigo ya moyo: mashine inazima ishara ya kipande husika, inasubiri kama robo sekunde moyo usukume damu mpya, kisha inapiga. Pigo moja la moyo, kipande kimoja. Mgonjwa akisogea kidogo, kinachoharibika ni vipande vichache tu, si picha nzima.

Inakosea wapi?

Damu ikienda taratibu sana, nayo "inachoka" na kupotea kwenye picha. Ikipita penye mshipa mwembamba huzunguka kama maji ya mto penye mawe, ishara inapungua, na sehemu iliyobana kiasi inaweza kuonekana kama imeziba kabisa. Hili si dogo, maana linaweza kumpeleka mtu kwenye upasuaji asiouhitaji. Ndiyo maana daktari anaweza kuagiza kipimo kingine, kama altrasaundi, kabla ya kuamua.

TOF inahitaji pia mgonjwa atulie dakika kadhaa. Kwa mtoto au mwenye maumivu makali, hiyo ni kazi.

Na kukosekana kwa dawa hakuondoi masharti mengine ya MRI. Sumaku ni ileile, hivyo mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au chuma chochote mwilini lazima aseme mapema. Mwenye tatizo la figo naye aseme kabla ya kulala kwenye mashine, akiwa na majibu yake ya kreatinini ya karibuni, kwa sababu hayo ndiyo yanayoonyesha kama dawa inafaa kutumika au la.