Afromosia: Shahidi wa Mashamba Yaliyosahauliwa

Tarehe 1 Julai 1885, Dola Huru ya Kongo ilitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Palipoonekana nyumba na shamba palihesabiwa kuwa na mwenyewe. Msitu uliotulia ulihesabiwa kuwa mtupu. Insha hii inapinga hesabu hiyo, na shahidi wake ni mti.

Mti huo ni afromosia, wa jamii ya mikunde kama mkwaju. Huko Ghana huitwa kokrodua. Kwetu Kongo hupatikana zaidi katika misitu ya upande wa Kisangani. Mche wake hauvumilii kivuli kizito: ukiota chini ya miti mirefu hudumaa, kisha hufa. Hata hivyo, mahali pengi miti mikubwa ya afromosia imesimama kwa makundi, na chini yake michanga ni haba. Je, hiyo mikubwa ilipata wapi jua ilipokuwa miche?

Sehemu ya jibu imo ardhini. Kusini-mashariki mwa Kamerun, watafiti waliochimba chini ya makundi ya miti hiyo walikuta mkaa na vigae vya vyungu. Zamani watu walifyeka, wakachoma, wakalima, kisha wakahama na kuacha shamba lipumzike. Hapo mbegu zikapata mwanga. Sidai kwamba kila afromosia ya Tshopo iliota shambani, kwa maana hata mti mkubwa ukianguka huacha uwazi. Ninachodai ni kwamba hakuna anayeweza kuuita msitu huu mtupu kabla hajachimba.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, mbao za afromosia zilipendwa sana Ulaya badala ya msaji, kwa kutengenezea mashua na sakafu. Ghana na Kodivaa zilivuna mpaka miti ikawa adimu, na macho ya wafanyabiashara yakageukia Kamerun na Kongo. Mwaka 1992 mti huu uliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, kwa hiyo hauuzwi nje ya nchi bila kibali.

Kibali hupunguza ukataji, lakini hakiupi mche jua. Tukikata mikubwa na kuacha kivuli kilivyo, tutakuwa tunakula akiba ambayo waliotutangulia walituachia bila kujua. Kupanda kunawezekana: huko Yangambi afromosia ilipandwa tangu enzi za ukoloni.

Kwa hiyo mwanahistoria na bwana misitu wana kazi moja. Amri ya 1885 iliwafuta wakulima kwa sababu hawakuacha maandishi. Tukiangusha miti hii bila kuchunguza ardhi iliyo chini yake, tutawafuta mara ya pili, na safari hii mikono itakuwa yetu wenyewe.