Kaka na dada jijini London, 1875

Najua nimewatupa, karibu wiki tatu sijaandika kitu humu, ila mnajua mambo ya testi na karatasi za semina yanavyokuja kwa mpigo. Leo Jumamosi bweni limetulia, maji yametoka tangu alfajiri (miujiza!), nguo zote nimeshafua na zinakauka, basi nimekaa hapa barazani niwape stori ya karatasi iliyonitoa jasho.

Tuliambiwa tuchague msafiri mmoja wa pwani yetu aliyekwenda Ulaya karne ya 19, tueleze jinsi alivyoutembelea mji mkubwa kwa mara ya kwanza. Mi nikamchagua Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar. Nikarudishiwa alama za wastani na maandishi mekundu pembeni: umetoka nje ya mada. Kosa langu ni kwamba nilianza na mtu mmoja nikamaliza na wawili. Humu hakuna wa kunikata alama, kwa hiyo naileta yote.

Ila kwanza nikiri. Mimi ni mtoto wa Sumbawanga. Siku ya kwanza naingia Dar nilisimama pale Posta nikahesabu ghorofa za jengo moja mpaka konda mmoja akaniuliza, "Dogo, unataka kulinunua?" Kwa hiyo nikimsoma mtu anaduwaa mjini, simcheki. Namwelewa.

Haya. Barghash alifika London mwezi wa Juni 1875. Huo mji wakati ule ulikuwa na watu zaidi ya milioni tatu. Treni za chini ya ardhi zilikuwa zikitembea tangu 1863, tena za moshi, hebu fikiria huo moshi ulivyokuwa humo ndani. Barabarani usiku kulikuwa na taa za gesi. Mnara wa saa wa Bunge, ule wa Big Ben, ulikuwa na miaka kama 16 tu. Lile daraja la kwenye postikadi, Tower Bridge, lilikuwa bado kabisa, lilifunguliwa 1894.

Sasa msije mkadhani Sultani alikuwa mshamba kama mimi. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake Majid, akashindwa, akapelekwa Bombay akakaa kama miaka miwili. Bombay si mchezo, alishaona meli za moshi na mitaa ya mji mkubwa. Lakini kule alikuwa mtu aliyefukuzwa kwao. London alikwenda kama mgeni wa serikali, pamoja na Dokta John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, na mkalimani wa Kiarabu aliyeitwa George Percy Badger, kasisi. Alimtembelea Malkia Victoria kule Windsor. Wakubwa wa jiji wakampokea Guildhall wakampa heshima ya kuwa mtu wa London. Gazeti la Vanity Fair likamchora. Akapelekwa Crystal Palace, lile jumba kubwa la vioo, akapelekwa Woolwich kunakotengenezwa mizinga, halafu viwandani na bandarini, mpaka Manchester na Liverpool.

Hapo kwenye mizinga ndipo nilipokaa muda mrefu, maana mtalii wa namna hii hajichagulii pa kwenda. Mwenyeji ndiye anayechagua cha kumwonyesha. Na miaka miwili tu nyuma, mwaka 1873, Waingereza hao hao walimbana Barghash aweke saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Alipokuwa anasita, Kirk alimwambia wazi kwamba manowari zitakizingira kisiwa. Akasaini Juni 5. Sasa leo unamkaribisha mtu huyo huyo, unamlisha, unampeleka kwa Malkia, halafu unamwonyesha mizinga inavyomiminwa. Mi naona hiyo ni barua, ila imeandikwa kwa chuma. Na kweli, Julai 14, kabla hajaondoka London, uliwekwa saini mkataba mwingine wa nyongeza juu ya mambo yale yale ya watumwa.

Safari yenyewe iliandikwa kitabu. Karani wake Zahir bin Said aliweka kumbukumbu, ikachapishwa kwa Kiarabu huko huko London miaka michache baadaye kwa jina la Tanzih al-absar wa'l-afkar. Wengi tumezoea safari zilizoandikwa na Wazungu waliokuja kututazama sisi, akina Burton na Stanley. Hii ni ya watu wa kwetu waliokwenda kuwatazama wao.

Aliporudi alibadilisha nini? Watu hupenda kusema kila kitu alikiiga London. Mi sikubali moja kwa moja, Bombay nayo ina sehemu yake. Lakini angalieni orodha: alivuta maji ya bomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu mpaka mjini, na mji ule ulikuwa umetoka kuuguzwa na kipindupindu cha 1869 na 1870, kwa hiyo maji safi hayakuwa anasa. Alileta mtambo wa kuchapisha. Alinunua meli za moshi, maana kimbunga cha 1872 kilikuwa kimezama na meli zake. Mwaka 1883 akajenga Beit el Ajaib, na mjini ukasimama mnara wa saa. Mnara ule ulibomolewa na mizinga ya Waingereza Agosti 27, 1896, kwenye vita ile ya chini ya saa moja. Yeye alikuwa ameshafariki, 1888.

Hapo ndipo karatasi ingeishia nikapata alama zangu. Shida ni kwamba nilikuwa nimesoma na kitabu cha dada yake.

Kiangazi hicho hicho cha 1875, ndani ya London hiyo hiyo, alikuwepo Salme binti Said. Baba mmoja na Barghash, mama tofauti. Mwaka 1859, kwenye ule mpango wa kumpindua Majid, Salme alikuwa binti wa miaka kama 15 na ndiye aliyekuwa karani wao, kwa sababu alijifundisha kuandika kwa siri wakati wasichana walifundishwa kusoma tu. Baadaye akapatana na Majid, na Barghash hakulisahau hilo. Mwaka 1866 akatoroka Unguja akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Wakafunga ndoa Aden, akabatizwa, akawa Emily. Wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo na nchi yenye baridi.

Kwa hiyo aliposikia kaka yake anakuja Uingereza, akajifunza Kiingereza haraka haraka, akawaacha watoto, akavuka kwenda London. Hakwenda kutazama majumba. Alitaka kuonana na Barghash wapatane.

Hawakuonana. Salme anaeleza mwenyewe kwenye kumbukumbu zake zilizotoka 1886: Sir Bartle Frere, yule yule aliyetumwa Zanzibar 1873 kwa ajili ya mkataba, alimpa achague. Akae mbali na Sultani, naye Frere atawashughulikia watoto wake wapate matunzo; au ajaribu bahati yake kwa kaka. Mama wa watoto watatu, ninyi mngechagua nini? Akachagua watoto. Sultani akamaliza matembezi yake, akaenda Paris, akarudi nyumbani. Ndipo Salme akaambiwa kwamba yeye ni raia wa Ujerumani, kwa hiyo Uingereza haimhusu.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini, nikatoka nje kununua karanga.

Tusimfanye malaika lakini. Kitabu hicho hicho kinautetea utumwa, tena kurasa nyingi, na kila ukisoma habari za majumba yale ya Unguja kumbuka nani alikuwa anachuma karafuu. Hao hawakupelekwa Crystal Palace. Lakini najua sasa kwa nini Frere hakutaka wawili hawa waonane: mgeni amekuja kupewa sura moja ya London, na dada anayelia mlangoni hakuwemo kwenye ratiba.

Miaka kumi baadaye, 1885, Salme alirudi Zanzibar ndani ya meli za kivita za Wajerumani. Bismarck alimtumia kumtisha Barghash, Barghash akakataa kumpokea. Basi yule mama akatembea mitaa ya mji aliozaliwa akiwa na maofisa wa Kijerumani, watu wakijaa kumsalimu, yeye akiangalia nyumba za utoto wake kwa nje. Mtalii kwao. Alifariki Jena mwaka 1924.

Mwaka 2019, nikiwa bado sekondari, shule yetu ilitupeleka Unguja. Nilitapika boti nzima, hilo tuliache. Beit el Ajaib tuliitazama kwa nje maana ilikuwa imefungwa, na Desemba 25, 2020 sehemu yake ikaanguka. Jirani yake, kwenye Makumbusho ya Kasri, tulikuta chumba cha Bibi Salme. Wenzangu walipita haraka wakawahi urojo Forodhani. Mi nikasimama kwenye picha yake, sikujua hata ni nani, nikadhani ni mke wa Sultani fulani. Mwongoza wageni akaniambia, "Huyu ni dada yake Barghash, mwanangu. Nyumba ya kaka yake ile pale dirishani."

Nikatazama. Ni hatua chache tu kwa mguu.

Haya, naona foleni ya kantini inaanza kurefuka na jana ubwabwa uliisha kabla sijafika. Wenye kitabu cha Salme kwa Kiswahili niazimeni, cha maktaba natakiwa kukirudisha Jumatatu.