Plastiki na Chuma katika Mwili wa Bunduki

Mwili wa bunduki ni ile sehemu ya kati iushikayo mtutu kwa mbele na kitako kwa nyuma, na ndani yake ikahifadhi bolti na mtambo wa kufyatulia. Na kama plastiki yaweza kushika nafasi ya chuma hapo ni suali la joto na shinikizo kabla ya kuwa suali la uzito au thamani.

Na suali hilo la joto si geni: katika Bukoba na Muleba, nchi za falme za kale za Kyamutwara na Ihangiro, elimu ya joto la madini ni ya asili. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, mbele ya wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery, walichimba shimo, wakalikandika udongo wa kichuguu, wakalijaza matete ya bwawani yaliyochomwa, kisha wakaingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuri, hata pumzi ya mivuo ikapata moto kabla ya kuyafikia makaa. Na kilichotoka kilikuwa chuma chenye kaboni, jamaa wa karibu wa feleji. Tanuri za jinsi hiyo zilizofukuliwa Kemondo zina umri upitao miaka 1,500.

Bunduki zilizolia Bukoba tarehe 22 na 23 Juni 1915, Waingereza walipovuka Ziwa kutoka Kisumu na kuubomoa mnara wa simu ya upepo wa Wadachi, zilikuwa na miili ya pua. Hali kadhalika AK za vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Lakini AKM ya 1959 ilikwisha kuliacha pande zima lililochongwa, ikashika bati la pua la unene wa milimita 1, kwa kuwa bolti hufungamana na kipande kinene kilichoushika mtutu, na hapo ndipo nguvu ya mripuko inapokomea. Kwa rai yangu, huo ndio mlango plastiki ilioingilia.

Remington ya Marekani ilitoa Nylon 66 mwaka huohuo wa 1959, mwili wake nailoni, ikauza zaidi ya milioni 1. Ila risasi yake ilikuwa hafifu. G36, iliyopokewa na jeshi la Ujerumani mwaka 1997, ilitia kishikio cha mtutu cha madini ndani ya plastiki. Mwaka 2015 Wizara ya Ulinzi ikalalamika kwamba shabaha huharibika bunduki ikipata moto, kiwanda kilichoitengeneza kikakana, na mahakama ya Koblenz mwaka 2016 ikakipa haki. Nailoni ya ile Nylon 66 huyeyuka karibu na nyuzi 260 za Selsiasi, na hulegea mapema zaidi, ilhali pua haiyeyuki hata karibu na 1,500. Basi plastiki yafaa kubeba kifyatulio na kasha la risasi za akiba, wala haifai kuushika mtutu peke yake.

Katika Bukoba, ipatayo mvua ya milimita karibu 2,000 kwa mwaka, faida kubwa ya plastiki ni kutoshika kutu. Lakini bolti, springi na mtutu vingali vya pua, navyo sharti vipakwe mafuta.