Mkaa wa Stephen

Mwaka 1839, katika shamba la Abisha Slade, kaunti ya Caswell huko North Carolina, mtumwa kijana aitwaye Stephen alikesha akilinda moto wa bani la tumbaku, yaani banda la kukaushia majani. Alikuwa mhunzi pia. Inasimuliwa kwamba mvua ilinyesha, usingizi ukamchukua, na aliposhtuka moto ulikuwa unakaribia kuzimika. Akakimbilia shimo la mkaa la uhunzi, akaokota vigogo vilivyoungua nusu na kuvitupia motoni. Joto likapanda ghafla, na majani yakakauka yakiwa manjano ya kung'aa.

Huenda hadithi imetiwa chumvi, lakini rangi ile ililipa vizuri. Aliyesifika kwa kueneza njia hiyo miaka ya 1850 ni bwana wake, si Stephen.

Sababu ya rangi hiyo ya manjano ilikuja kuelezwa vizuri na watafiti baadaye. Jani la tumbaku likichumwa halifi papo hapo. Likiwekwa kwenye joto la nyuzi 35 hadi 38 na unyevu wa kutosha, linaendelea kupumua: ukijani unapotea, wanga unageuka sukari. Ukiharakisha moto, jani linakufa na ukijani wake. Ukichelewa, linageuka kahawia. Mkaa wa Stephen huenda uliwaka jani lilipokwisha kuiva rangi. Leo mkulima hupandisha joto hatua kwa hatua hadi nyuzi 70 hivi, mpaka mshipa mnene wa kati ukauke, kazi ya karibu wiki nzima. Udongo nao ulichangia: kichanga cha Caswell kina naitrojeni kidogo, na jani lililojaa naitrojeni hukataa kugeuka manjano.

Kichanga cha namna hiyo kipo pia Urambo, mkoani Tabora, Tanzania. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 uliposambaratika huko, tumbaku ya mvuke, yaani ile inayokaushwa kwa joto la bani, ndiyo iliyobaki na kushamiri. Moto wake ulikuwa kuni za miombo, na misitu ikaanza kurudi nyuma. Ndiyo maana taasisi ya utafiti wa tumbaku, TORITA, hapo Tabora, haiangalii mbegu na mbolea tu. Inaangalia pia bani lenyewe: tanuri, mabomba ya kupitisha joto, matundu ya hewa. Kwa mkulima anayelazimika kufuata kuni mbali kila mwaka, bani linalokausha kwa kuni chache lina uzito zaidi kuliko aina mpya ya mbegu.